Mjane wa Siku ya Tisa

Mtu anayedai pesa zake hukasirika zikichelewa. Chrispine Odera hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomkera Sajini Roseline Gati tangu faili ile ilipotua mezani pake katika ofisi ya upelelezi mjini Migori.

Alikuwa ameisoma mara nne. Truphena Adhiambo, mwandishi wa vitabu, mjane wa miaka hamsini na tatu, alikuwa gerezani Homa Bay. Hakuiba wala hakuua mtu, alifungwa kwa deni. Mkataba ulisema alikopa shilingi laki tisa kwa Chrispine, mnunuzi wa dhahabu ya Osiri na mkopeshaji wa pesa, ili agharamie mazishi ya mumewe. Mwandishi alikana. Wakili wake akapeleka malalamiko ya kughushi, na kwa kuwa ofisi ya Chrispine iko Migori, mzigo ukamwangukia Gati.

Sasa, sheria ya kumfunga mtu kwa deni ina jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ukitaka mdaiwa wako awekwe ndani, posho ya chakula chake utailipa wewe. Chrispine alikuwa ameilipa miezi miwili bila kununa. Wiki iliyopita alikwenda akalipa wa tatu, na mwezi wenyewe haujafika.

"Mkopeshaji gani huyu," Gati alimuuliza dereva wake, Konstebo Jacktone Omondi, "anayetoa pesa ili asilipwe?"

"Afande, pengine ana roho nzuri."

"Wewe! Umewahi kukopa kwa Chrispine?"

Jacktone alikohoa, akaongeza mwendo.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumatatu, shamba la Truphena kule Lambwe lilikuwa lipigwe mnada. Alilinunua kwa jina lake, kwa malipo ya kitabu chake cha kwanza, na mkataba ulilitaja kama dhamana. Juu ya shamba hilo kulikuwa na nyumba mbili, kaburi la mumewe, na bibi mmoja wa miaka themanini na moja, mama mkwe wake.

Gerezani waliletewa viti viwili na meza ya mbao iliyochezacheza. Truphena aliingia akiwa na nguo zake mwenyewe, maana mfungwa wa deni havalishwi sare. Alikuwa mwanamke mrefu, mvi zimeanza pembeni, kidole cha kati kimepata sugu ya kalamu.

"Karibu, Sajini. Ningekupa chai, lakini hapa mwenye nyumba ni Chrispine. Hata ugali niliokula jana ni wake."

"Umeshamshukuru?"

"Nitamshukuru kwa maandishi."

Gati hakucheka, ila moyoni alimpenda papo hapo, jambo ambalo halifai kwa mpelelezi. Alitoa nakala ya mkataba akaiweka mezani.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

Gati aliinua macho. Mtaalamu wa maandishi alikuwa ameandika hivyo hivyo kwenye ripoti yake, na ndiyo maana mahakama, ikitazama karatasi iliyoletwa mbele yake, haikuwa na njia nyingine. Lakini Gati alikuwa ametegemea mwenyewe angebisha.

"Basi ulikopa."

"Sahihi ni yangu, mkopo si wangu. Sijawahi kukanyaga nyumbani kwa huyo mtu."

"Mkataba unasema ulikwenda kwao Kendu Bay tarehe kumi na tatu Machi, miaka miwili iliyopita. Jumatatu. Mama yake Chrispine ndiye shahidi, ameweka kidole gumba. Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Nyumbani. Lambwe."

"Na nani?"

"Na mama mkwe."

"Atathibitisha?"

Truphena, ambaye hadi hapo alikuwa akijibu kabla swali halijaisha, alinyamaza. Akaitazama meza.

"Mama asisumbuliwe. Andika kwamba nilikuwa nyumbani, inatosha."

"Haitoshi hata kwa kesi ya kuku."

"Basi haitoshi."

Gati aliandika, akapigia mstari. Alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wachawi wa kujidai na machifu wawili, na alijua mtu anaponyamaza kwa hofu anavyokaa. Huyu mama hakuwa na hofu. Alikuwa na aibu, lakini aibu ya nini?

"Haya. Na hii?" Alitoa barua ya wakili wa Chrispine.

"Hiyo ndiyo dawa ya deni," Truphena alisema. "Wengine husema dawa ya deni ni kulipa. Chrispine amegundua nyingine. Nikimwachia haki za maandishi yangu yote, yaliyochapwa na yasiyochapwa, deni limekufa, mnada umefutwa, nami ninatoka kesho."

"Yasiyochapwa ni mangapi?"

"Ni kitabu kimoja tu. Kinahusu shimo la dhahabu lililoporomoka kule Osiri. Vijana saba walibaki chini. Mwenye shimo hakujulikana, kila aliyeulizwa alimtaja mwenzake."

"Wewe umemjua?"

"Niliwauliza mama zao. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewauliza."

Gati aliikunja barua polepole. Sasa posho ile ya miezi mitatu ilianza kuleta maana.

"Mama, ukisaini, mama mkwe wako atalala kwake Jumatatu."

"Najua, Sajini. Kila asubuhi naamka nikilijua. Lakini wale saba nao wana mama zao, na nilikula chakula chao nikiwaahidi." Alisimama, maana muda ulikuwa umekwisha. "Usiniulize tena kuhusu Lambwe, tafadhali."

*

Kwenye barabara ya Kendu Bay, Gati alimpa Jacktone nakala ya mkataba aisome walipokuwa wakinunua maji dukani.

"Hebu niambie unaona nini."

"Naona chini maneno yamebanwa. Huku juu mistari imeachana vizuri, huku chini imesongamana kama watu kwenye mlango wa kanisa, halafu ndio sahihi."

"Vizuri. Kingine?"

Jacktone aliitazama tarehe. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Mumewe alizikwa lini?"

"Tarehe nne. Jumamosi."

"Basi hii ni siku ya tisa." Alipiga mluzi. "Afande, wewe ni Mkuria, labda kwenu ni tofauti. Kwetu, mjane kabla hajatolewa rasmi kwenye msiba tunasema ana chola. Haendi kwa watu. Haingii nyumba ya mtu mwingine, hakalii kiti chake, hanywi kwa kikombe chake. Akiingia, anawaletea mkosi. Siku ya tisa? Wee! Huko ni mbichi kabisa."

"Kwa hiyo hakuenda."

"Ngoja basi." Jacktone alikuna kichwa. "Huyu si mjane wa kawaida. Ndiye aliandika hiyo kitabu ya wajane. Alisema hakuna chola, ni kufunga wanawake bure, tokeni mwende sokoni mkatafutie watoto unga. Mama yangu alikuwa nayo chini ya mto. Baba alipokufa, mama alikaa siku tano, ya sita akafungua kibanda chake Rongo. Wazee walipiga kelele mpaka wakachoka." Alisema hayo kwa fahari, kifua mbele. "Sasa mtu kama huyo si angeenda popote?"

Gati alikubali kwamba angeenda. Jambo lililoonekana kama mlango likawa ukuta. Na alitambua kwamba yeyote aliyeichagua tarehe ile huenda aliwaza hivyo hivyo: deni la matanga huaminika haraka, kila mtu anajua mazishi yanavyomaliza boma, na kuhusu mila, nani atauliza wakati mjane mwenyewe ameandika kitabu kizima akizikataa?

*

Chrispine aliwapokea mlangoni kwa mama yake, shati jeupe limepigwa pasi, saa nene mkononi. Alikuwa mkarimu, na ukarimu wenyewe ulizidi. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na picha kubwa ya marehemu baba yake juu ya kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia.

"Sajini, mimi sina ubaya na huyo mama. Mimi ni shabiki wake." Akachomoa kitabu kabatini. "Huyu ndiye yeye. Nilinunua kwake nakala arobaini nigawie shule. Soma ukurasa wa sitini na moja. Nimesikia wakili wake anatafuta vijisababu, kwamba alikuwa na msiba. Soma! Mwenyewe anasema mjane atoke siku anayotaka."

Gati alifungua kitabu, lakini si ukurasa wa sitini na moja. Ndani ya jalada kulikuwa kumebandikwa kipande cha karatasi nyeupe, kimekatwa kwa mkasi, na juu yake sahihi ya Truphena.

"Mbona hakusaini kwenye kitabu chenyewe?"

"Vitabu vilikuwa bado kwa mchapishaji. Nilimpa karatasi, nikabandika baadaye."

"Arobaini?"

"Arobaini."

"Zote ulizibandika?"

Chrispine alitabasamu, akaangalia saa yake. "Sajini, shule ni nyingi. Nani anahesabu?"

"Asante. Sasa naomba utoke nje niongee na mama."

"Mama yangu ni mzee, nikae tu nimsaidie."

"Konstebo Jacktone atakuonyesha kivuli."

Mama Nerea alikaa wima, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, mikono juu ya mapaja. Gati alimwamkia kwa heshima, akamuuliza afya, akamuuliza mahindi. Kisha akamuuliza habari ya siku ile.

"Alikuja hapa," Mama Nerea alisema, na maneno yakatoka yamepangwa kama mstari wa Biblia wa watoto wa Sunday school. "Alikuja asubuhi. Alilia shida ya mazishi. Chrispine akamhurumia. Akasaini. Mimi nikaweka kidole."

"Alikaa wapi, mama?"

"Hapo." Alinyoosha mkono kwenye kochi alilokalia Gati.

"Ulimpa chai?"

"Mgeni akose chai kwangu? Nilimpa. Na mkate."

"Kikombe gani?"

"Hivi vyangu vya maua. Nina sita."

"Aliinuka akaenda, au alizunguka nyumba?"

"Alienda jikoni kunisaidia kuosha. Mama mzuri tu." Alianza kufurahia hadithi yake, maskini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa akiitembea kwa raha.

Gati alifunga daftari.

"Ulifanya vizuri, mama. Si kila mtu angempokea mjane wa siku tisa hivyo."

Mkono wa Mama Nerea uliokuwa ukinyoosha kitambaa cha kochi ulisimama.

"Siku tisa gani?"

"Mumewe alizikwa tarehe nne. Karatasi inasema alikuja hapa tarehe kumi na tatu."

"Hapana."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Na kidole chako kiko chini yake."

"Hapana, hapana. Karatasi niliweka kidole juzi, wakati wa Krismasi! Chrispine aliniambia ni mambo ya zamani, mama huyo alikopa kweli, inataka tu shahidi. Hakusema siku tisa." Alisimama, akaliangalia kochi, akavitazama vikombe kabatini, kisha kile kiti cha marehemu. Sauti ikapanda. "Mjane wa siku tisa? Aingie hapa? Aoshe vikombe vyangu, na wajukuu wangu wananywea? Chrispine! Chrispine, kuja hapa!"

Chrispine aliingia mbio, Jacktone nyuma yake.

"Mama, kwani nini?"

"Umeandika kwamba nimeingiza chola nyumbani kwa baba yako?"

"Mama, yule mwanamke hafuati hayo mambo. Ameandika hata kitabu—"

"Yeye hafuati! Mimi nafuata! Nyumba ni ya nani?" Alimgeukia Gati, machozi ya hasira machoni. "Andika, binti yangu. Andika kwamba huyo mama hajawahi kuvuka mlango wangu, si siku ya tisa, si siku yoyote. Sijamwona hata kwa macho. Andika nisikie."

Gati aliandika, akamsomea, na bibi akaweka kidole gumba kwa nguvu mpaka wino ukasambaa. Chrispine tayari alikuwa kwenye simu na wakili wake. Alipomaliza, uso ulikuwa umerudi mahali pake.

"Mama ana miaka sabini na nane, Sajini. Anasahau. Leo anasema hivi, kesho atasema vile. Na ukileta mila mahakamani, mimi nitaleta ukurasa wa sitini na moja."

Kilichomuuma Gati ni kwamba alikuwa anasema kweli.

*

Lambwe walifika saa tisa alasiri. Gati alikuwa ameombwa asiende, na kwa kawaida alipoombwa asiende mahali ndipo alipokwenda, lakini safari hii aliona vibaya kidogo.

Mama mkwe wa Truphena, ambaye wote walimwita Dani Mikal, yaani Bibi Mikal, alikuwa amekaa nje akipukuchua mahindi. Alijua Kiswahili, maana aliuza vyungu soko la Migori miaka ishirini. Hakuuliza wao ni nani. Aliuliza jambo moja tu.

"Amekula?"

"Amekula, dani," Jacktone alisema.

"Sawa. Kaeni."

Gati hakuzunguka. "Dani, mwanao alipozikwa, Truphena alikwenda wapi?"

"Aende wapi? Alikaa."

"Alikaa hapa?"

"Hapa. Nyumba ile yake. Hakutoka boma hili mpaka mahindi yalipofika magotini, watu wa kanisa wakaja wakaomba, nami nikakubali nikamtoa. Wanawake wa boma walimletea maji na sima. Wako kumi na wawili, wako hai wote, waulize."

Jacktone alibaki mdomo wazi. "Lakini dani, kitabu chake..."

"Najua kitabu chake. Mjukuu alinisomea." Dani Mikal aliendelea kupukuchua. "Siku ile watu walipoondoka nilimwambia, mwanangu, wewe ni mtu wa vitabu, ukitaka kwenda nenda, sitakuzuia. Lakini alinijua. Alijua nikimwona ametoka, nitakaa nikingoja mtoto mwingine afe. Nilikuwa nimezika watatu. Akaniambia, 'Mama, mimi siamini. Lakini wewe unaamini, na aliyekufa ni mwanao. Nitakaa.' Akakaa. Akaniomba kitu kimoja tu, nisimwambie mtu."

Bata walipita kati yao. 

"Alikuwa akifanya nini miezi miwili hiyo?" Gati aliuliza mwishoni.

Bibi aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na madaftari saba ya shule, yameandikwa kwa penseli ukurasa hadi ukurasa. Kilikuwa kile kitabu cha Osiri. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe juu, na kando ya tarehe maneno machache yasiyohusu Osiri. Gati alitafuta kwa kidole mpaka akaipata siku aliyoitaka.

*Jumatatu, 13 Machi. Mama amekunywa uji nusu kikombe. Mvua bado.*

Akafungua iliyofuata. *Jumanne, 14 Machi. Mama hajalala. Nimemwimbia.* Na iliyofuata. *Mama amekula samaki, kipande cha mkia.* Miezi miwili mizima, juu ya kila ukurasa kuhusu vijana saba wa Osiri na mama zao, kulikuwa na mama huyu mmoja, alichokula na alivyolala.

Sajini Roseline Gati, ambaye wahalifu wa Isebania walimwita Chuma, alilazimika kuchungulia ndani ya sanduku tena ingawa halikuwa na kitu kingine.

"Dani, nitayahitaji haya. Na nitahitaji Truphena aseme mwenyewe kwa kiapo. Amekataa. Amekuahidi."

"Hapana. Mimi ndiye nilimwahidi yeye." Bibi alifikiri. "Mwambie hivi: mama yako amekutoa mara ya pili."

*

Ijumaa asubuhi Truphena aliyaona madaftari mezani kabla hajakaa. Alibaki amesimama.

"Nilikuomba."

"Uliniomba. Nimekukosea, na ningekukosea tena."

"Unajua umefanya nini?" Aliyasukuma madaftari kando. "Kuna mwanamke wa Mbita aliniandikia barua. Alisoma kitabu changu, akatoka siku ya tatu kwenda kuuza samaki. Wakwe zake wakambomolea jiko. Akaniambia, mama, nilivumilia kwa sababu najua hata wewe ungetoka. Ninayo barua hiyo mpaka leo. Sasa nisimame mahakamani niseme mimi mwenyewe nilikaa?"

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kupoteza shamba."

"Nilikuwa nikitafuta njia nyingine."

"Kuna njia nyingine kuanzia leo hadi Jumatatu?"

Truphena alikaa. 

"Karatasi ulizomsainia Chrispine za kubandika vitabuni," Gati alisema, "zilikuwa vipande au nzima?"

"Nzima. Arobaini. Alisema atakata mwenyewe..." Aliishia hapo. Akafunga macho. "Mungu wangu. Thelathini na tisa alizikata."

"Hiyo ndiyo sahihi yako. Mama Nerea amekana, na kesi yote inasimama juu ya tarehe kumi na tatu. Wanawake wa Lambwe wako tayari kuapa. Nimebakisha wewe tu." Gati aliinama mbele. "Mimi nimesoma kitabu chako usiku wa jana, chote. Uliandika kwamba mjane asilazimishwe. Dani Mikal hakukulazimisha, aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Huyo mama wa Mbita ukimweleza ataelewa. Asipoelewa, nipeleke mimi nikamweleze."

Truphena alicheka kidogo, machozi yakiwa njiani. "Wewe ungemtisha."

"Na kuna ujumbe wa Dani Mikal. Alisema nikuambie: mama yako amekutoa mara ya pili."

Hapo ndipo Truphena Adhiambo alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na askari jela aliyekuwa mlangoni akageukia ukutani. Gati alimwacha alie. Alipomaliza alijipangusa kwa upindo wa leso yake, akavuta karatasi ya taarifa na kalamu.

"Nitaandika mwenyewe. Ninyi polisi mnaandika vibaya."

Aliandika kurasa tatu bila kufuta neno. Aliandika jinsi alivyokaa, kwa nini alikaa, na kwamba kila alichowaambia wajane bado anakisema. Alipofika mwisho alitia sahihi moja kwa moja chini ya neno la mwisho, pasibaki nafasi, kisha kutoka hapo akachora mstari mmoja wa mshazari hadi pembe ya chini ya karatasi, akaifunga nafasi yote tupu. Alirudi akafanya vivyo hivyo kwenye kurasa nyingine.

"Peleka," alisema. "Mpaka hapo Chrispine hana pa kuandika."

Gati alinyoosha mkono kuzichukua. Jacktone alikuwa nje, gari linanguruma tayari. Ombi la kusimamisha mnada lilikuwa limechapwa, na hati ya kumkamata Chrispine ilingoja karatasi hizi tu.

"Ngoja." Truphena aliurudisha ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, kando ya tarehe, alikuwa ameacha nafasi ndogo. "Ulipotoka Lambwe jana, mama alikuwa amekula?"

Kwa kawaida Sajini Gati hakukubali taarifa ya polisi iandikwe mambo yasiyohusika.

"Uji," alisema. "Kikombe kizima. Akaomba sukari."

Truphena aliandika.